Kama nimeokolewa kwa neema, mbona bado naambiwa nitii?

Mbukwenyi wasomaji wetu. Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba mtu haokolewi kwa kuhudhuria kanisani, nikaendelea na mambo mengine, kumbe hiyo sentensi moja ndo imejaza simu ya ofisi. Wengine mmefurahi sana, tena kuna waliofurahi kupita kiasi mpaka nikaingiwa na wasiwasi, na wengine mmeniuliza kama nataka watu waache ibada wakalale. Kwa hiyo safu yote ya leo ni hilo tu: neema, imani na utii vinakaaje nyumba moja. Nimechukua maswali matano, nimeyafupisha na majina nimetoa. Mtaona ninavyomjibu huyu sivyo ninavyomjibu yule, msishangae, mtu anayekosa usingizi kwa hofu na mtu aliyejisahau hawapewi dawa moja.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Chang'ombe hapa Dodoma mjini, nauza mboga. Nimeokoka lakini sina uhakika kama nimeokoka. Kila mkutano wa injili ukija mhubiri akiita watu mbele naenda, naongozwa sala ya toba upya, halafu baada ya siku chache nagombana na mume wangu au nakosa mkesha kwa sababu mtoto ana homa, basi najiona nimeshaanguka. Kanisani kwetu tunaambiwa asiyetoa fungu la kumi na asiyekuja mikesha jina lake linafutwa mbinguni. Kuna wiki nauza hadi nakosa hata ya nauli. Usiku silali nawaza Yesu akirudi leo mimi naachwa. Nifanye nini nipate uhakika?

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote na nimeamua ianze.

Ngoja nikuonyeshe kitu kwenye kitabu cha Kutoka ambacho watu wengi tunakiruka. Amri kumi ziko sura ya 20, na tukizisoma tunaanzia "usiwe na miungu mingine". Lakini kabla ya hapo kuna mstari wa pili, Mungu anajitambulisha: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Niliyekutoa. Bahari walishavuka sura ya 14, jeshi la Farao limeshazama, mana wameshakula, ndo sasa wanapewa amri. Mungu hakumtuma Musa Misri na mbao za mawe akawaambie watumwa wale zishikeni hizi mwaka mzima bila kukosea nikiridhika nitawatoa. Wangekuwa Misri mpaka leo. Aliwatoa kwanza, halafu akawafundisha namna ya kuishi watu waliotolewa. Na Paulo anawaandikia Waefeso vilevile, sura ya 2 mstari wa 8 na wa 9: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Mmeokolewa, imeshafanyika, hakuandika mtaokolewa mkimaliza mikesha.

Sasa wewe umegeuziwa mpangilio. Umewekwa upande ule wa bahari, unaambiwa tii kwanza ndo utatolewa, ndo maana hulali. Na sio wewe wa kwanza, Wagalatia walifanyiwa hivyohivyo, walimwamini Kristo vizuri kabisa halafu wakaja watu wakawaambia bado hamjakamilika mpaka mtahiriwe, na ukisoma barua ile unaona Paulo alivyokasirika, barua zake nyingi baada ya salamu anamshukuru Mungu kwa ajili ya watu anaowaandikia, hii hana shukrani, anaingia moja kwa moja kusema anastaajabu.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa Dodoma utaelewa mfano wa Bwana mwenyewe, Yohana 15, mzabibu na matawi. Pita Hombolo au Mpunguzi wakati wa kupogoa zabibu, utaona matawi yaliyokatwa yamelala chini kati ya mistari, na kwa jua letu hili jani linakunjamana siku hiyohiyo. Lile tawi lililobaki shinani halikazani kuzaa ili liunganishwe, limeshaunganishwa, maji yanapanda yenyewe kutoka kwenye shina na zabibu zinakuja kwa wakati wake, kuna msimu nyingi kuna msimu chache. "Pasipo mimi ninyi hamwezi kufanya neno lo lote." Kazi yako ni kukaa. Na kukaa ndiyo imani yenyewe, kumtegemea yeye siku uliyouza na siku uliyorudi na beseni limejaa mchicha ulionyauka.

Kuhusu ugomvi na mume. Ukimkosea, usisubiri mkutano ujao uende mbele. Ungama kwa Mungu hapohapo jikoni, 1 Yohana 1:9 inasema yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, halafu mwombe radhi mumeo. Barua ile wanaandikiwa watu ambao tayari ni watoto wa Mungu, maana yake mtoto akikosa anaungama na anabaki kuwa mtoto, hazaliwi upya kila Jumatatu. Kuhusu mkesha, mama aliyekaa usiku kucha anamkanda mtoto kwa kitambaa cha maji huyo alikuwa kwenye utii usiku ule, asikudanganye mtu. Na fungu la kumi la wiki ambayo hukupata kitu ni hakuna kitu. Mimi naamini katika kutoa na nitaendelea kufundisha watu kutoa, lakini kumwambia muuza mboga jina lake linafutwa mbinguni kwa sababu mtaji umekata, hilo fundisho ni baya na nalisema wazi. Jina lako liliandikwa kwa damu ya mtu mwingine, daftari la sadaka halina uwezo wa kulifuta.

Uhakika unauliza utaupata wapi. Acha kuutafuta ndani yako, mle utakuta umechoka tu na umekosa. Msome yule mtoza ushuru wa Luka 18, hakuwa na kitu cha kuonyesha, alisimama mbali akajipiga kifua, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", na Yesu akasema yule alishuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki, yaani amekubaliwa na Mungu. Siku hiyohiyo, sala moja. Leo usiku omba hivyo halafu lala, mama.

Bwana asifiwe mwalimu. Mi nasoma UDOM, ni Mlutheri, rumu nakaa na jamaa Mkatoliki. Tunabishana mpaka wenzetu wanatufukuza. Mi nampa Warumi 3:28, mtu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria, yeye ananirudishia Yakobo 2:24, kwa matendo yake, si kwa imani peke yake. Kila mtu ana mstari wake. Sasa Paulo na Yakobo nani yuko sahihi, na mimi na yeye nani yuko sahihi?

Asifiwe. Nyie vijana kwanza nawapongeza, kuna rumu watu wanabishana Simba na Yanga mwaka mzima.

Wote wawili, Paulo na Yakobo, wanamtumia shahidi mmoja, Abrahamu. Sasa fungueni Mwanzo pamoja wewe na mwenzako muweke miaka yake kwenye karatasi. Sura ya 15 Mungu anamtoa nje anamwonyesha nyota, anaamini, anahesabiwa haki. Sura ya 16 anazaliwa Ishmaeli na Abrahamu ana miaka 86. Sura ya 17 anatahiriwa akiwa na 99. Kwa hiyo kati ya kuhesabiwa haki na kutahiriwa hapo kuna miaka 13 kwa uchache, na Paulo kwenye Warumi 4 anakaa hapohapo kama wakili, anauliza alihesabiwa haki kabla ya kutahiriwa au baada? Kabla. Basi tohara haikumpatia, wala yeyote asimwekee mtu wa mataifa tohara mlangoni.

Yakobo yeye anaruka mpaka sura ya 22, Isaka ameshakuwa kijana wa kubeba kuni kupanda mlima, na anasema mnaona, ile imani ya siku ya nyota ilikuwa ya kweli, angalieni ilivyomtoa huyu mzee asubuhi na mapema na punda wake. Ukisoma mistari yake yote na sio mmoja, Yakobo 2:22-23, anasema imani ilitenda kazi pamoja na matendo yake, na "imani ile ilikamilishwa", na kwamba andiko la Mwanzo 15 likatimizwa. Yaani hajalifuta la Paulo, amelifuata mpaka mwisho wake.

Halafu angalieni kila mmoja anaongea na nani. Paulo yuko na watu wanaotaka kumwongezea Kristo kitu ndo mtu akubalike. Yakobo yuko na mtu ambaye ndugu yake hana nguo wala chakula na anamwambia nenda kwa amani, ukaote moto na kushiba, kisha anafunga mlango. Huyo mtu ukimuuliza ana imani anasema anayo. Yakobo anamwambia hata mashetani wanaamini Mungu ni mmoja, na wanatetemeka, wewe hata kutetemeka hutetemeki. Mbadilishie Paulo mtu huyo utaona anaongea kama Yakobo, soma Wagalatia 5:6, "imani itendayo kazi kwa upendo". Na Waefeso 2 ambayo sisi Waprotestanti tunaipenda tunaishia mstari wa 9, wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Tunakata nukuu mahali pazuri kwetu, hiyo tabia tuiache.

Sasa wewe na jamaa yako. Mwambie na wewe jiambie kwamba Kanisa Katoliki halifundishi kwamba mtu anajiokoa. Mwaka 418 kule Karthago, Afrika ya Kaskazini, maaskofu wakiwa pamoja na Agustino walimkataa Pelagio aliyekuwa anafundisha kwamba mtu anaweza kutimiza mapenzi ya Mungu kwa nguvu zake za kuzaliwa. Mwaka 529 sinodi ya Orange, Ufaransa, ikasema hata ule mwanzo wa kuamini ni neema. Na Mtaguso wa Trento wenyewe, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ambao mwaka 1547 uliwapinga Waprotestanti, kanuni yake ya kwanza kabisa juu ya kuhesabiwa haki inamlaani anayesema mtu anahesabiwa haki kwa matendo yake bila neema ya Kristo. Hilo rafiki zangu wengi wa upande wetu wakilisikia wananyamaza kidogo.

Na kuna jambo ambalo nashangaa halihubiriwi. Tarehe 31 Oktoba 1999, siku ileile ya kumbukumbu ya Luther na hoja zake 95 za mwaka 1517, Wakatoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani walikutana Augsburg, Ujerumani, wakasaini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. KKKT ni mwanachama wa fungamano hilo, ndilo lile lililofanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam mwaka 1977 na askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake. Tamko linasema kwa neema tu, katika imani kwa kazi ya Kristo na sio kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu, tunakubaliwa na Mungu na kumpokea Roho anayetufanya wapya na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti walijiunga nalo 2006, Waanglikana wakaliunga mkono, na makanisa ya Reformed, yale ya mapokeo ya Kalvini, yakaingia 2017. Tofauti bado zipo, kuhusu purgatori, yaani kutakaswa baada ya kufa, kuhusu namna ya kuongelea stahili, kuhusu kama mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, sitaki kuzifunika na nyie bishaneni hizo. Ila acheni kubishana jambo ambalo makanisa yenu yameshaliwekea saini nyinyi hamjazaliwa.

Mwalimu, baba yetu alifariki hospitali mwezi uliopita. Maisha yake yote alikuwa mlevi, alimtesa mama, kanisani haendi. Siku mbili kabla hajafa aliomba mchungaji, akalia, akaomba msamaha kwa Mungu na kwa mama. Mchungaji kwenye mazishi kule Mpwapwa akasema baba yuko na Bwana. Mi nimeimba kwaya toka mtoto. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Sasa sisi tulijinyima nini?

Pole kwa msiba, na pole zaidi kwa yale yaliyotangulia msiba. Hasira yako kwa mambo aliyomfanyia mama yako ni halali, hiyo usiione dhambi.

Ila hili la pili Bwana alishaliongea, Mathayo 20, wale waliochukuliwa saa kumi na moja jioni wakalipwa dinari sawa na walioungua na jua, na mwenye shamba akauliza, "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Wewe hukujinyima, kaka. Baba yako ndiye alijinyima, miaka yote ile hakuwa na amani, hakuwa na mke anayemfurahia, hakuwa na mwana wa kumlilia vizuri, akapata siku mbili. Wewe umepata miaka.

Na yule mwizi msalabani usimdharau kwamba aliteleza kuingia. Mikono imepigiliwa misumari, kilichobaki ni mdomo, na mdomo huo akautumia wote: alimkemea mwenzake, akakiri kwamba yeye kupigwa vile ni haki yake, akamtetea Yesu kwamba hana kosa, akaomba akumbukwe. Utii wote uliokuwa kwenye uwezo wake aliutoa. Baba yako alimwomba mama msamaha, ndicho alichoweza. Mwingine akisoma hapa akasema basi na mimi ntasubiri dakika za mwisho, akumbuke walikuwa wezi wawili, umbali kutoka kwa Yesu ni uleule, na mmoja alitumia mdomo wake kutukana.

Habari mwalimu. Nakuandikia kwa siri. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu. Mwaka juzi nilichukua laki sita na nusu kidogokidogo, nikaongezea kwenye pikipiki. Kabla ya kuvunja kikoba mwezi wa kumi na mbili ikaonekana hela haiko, nikasema katibu ndo alikosea kwenye daftari. Katibu ni mama mmoja anauza maandazi Majengo, walimtoa kwenye kikundi, watu wakamsema. Mwaka huu nimeokoka kwenye mkutano, mhubiri akasoma ya kale yamepita. Nilijisikia mwepesi sana. Lakini nikimwona yule mama nageuza njia. Kama nimesamehewa kwa neema kuna haja ya kurudi nyuma?

Ndugu yangu, nitakujibu bila kuzunguka. Umesamehewa ukiwa umetubu kweli, na neema iliyokufikia ni ya kutosha hata kwa jambo hili. Na hela ya watu unarudisha.

Mhubiri alisoma vizuri, 2 Wakorintho 5:17, lakini jiulize kipi ndo cha kale kilichopita. Cha kale ni yule mtu anayechukua hela za wenzake na kumwachia mwingine aibu. Pikipiki ukiwa unaiendesha asubuhi hii, na yule mama mpaka leo anaitwa mwizi, basi cha kale hakijapita, kiko barabarani kinabeba abiria.

Soma Zakayo mtoza ushuru, Luka 19, soma taratibu. Yesu anamwita akiwa juu ya mti kabla Zakayo hajarudisha hata senti, "shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Watu wananung'unika kwamba ameingia kwa mwenye dhambi, na ni kweli alikuwa bado mwenye dhambi na mali ya watu iko ndani. Hiyo ndo neema, haikusubiri. Kisha Zakayo anasimama, hakuna aliyemwomba, hakuna mahubiri ya sadaka yaliyotangulia, anasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Sheria kwenye Walawi 6 kwa mtu aliyedhulumu amana ya mwenzake ilitaka arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Yeye akajipa mara nne. Mtu aliyeguswa na neema haulizi kiwango cha chini ni kipi. Wewe barua yako inauliza kiwango cha chini, na hapo ndo nakuomba ukae na nafsi yako.

Hiyo Walawi 6 ina jambo jingine, aliyedhulumu anamrudishia mwenyewe mali yake ndo anapeleka sadaka yake kwa kuhani. Na Bwana kwenye Mathayo 5 anasema ukiwa madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako palepale, nenda kwanza. Kwa hiyo naomba usisimame kutoa ushuhuda kanisani kabla hujaenda kwa hawa watu. Wazee wetu wa uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Afrika Mashariki hadi huku Ugogo, walijulikana kwa hili kuliko kwa nyimbo zao, mtu akiokoka anarudisha, jembe la mtu, mbuzi wa mtu, hela ya mwajiri. Majirani ambao hawakuwa na habari na mahubiri walielewa hapo. Siku hizi tunashuhudia gari tulilopata.

Sasa kufanya kwenyewe. Mwambie mkeo kwanza, asije akasikia bombani. Kisha mwenyekiti wa kikoba, nenda na mtu mzima mmoja mnayeheshimiana, taja kiasi chote kwa mara moja, ukipunguza laki moja umeharibu kila kitu. Halafu, na hili nalisisitiza kuliko hela, uombe kikundi kikae, wanachama walewale waliokuwepo siku ile, na kwa mdomo uleule uliosema katibu alikosea useme hakukosea, ni mimi. Katibu akiwepo. Usimwombe msamaha pembeni kwa meseji wakati ulimchafua mbele ya watu. Laki sita na nusu mtu anaweza kuilipa kwa miezi, jina la yule mama ni wewe peke yako unaweza kulirudisha, na kila wiki unayochelewa anakaa nalo pale sokoni mbele ya beseni lake la maandazi na wateja wanaojua.

Hela yenyewe, uza pikipiki kama inabidi. Usiende kuchukua mkopo wa kausha damu ili ulipe, utakuwa umehamisha shida. Weka mpango ambao utautimiza, hata kama ni elfu ishirini kwa wiki, iandikwe. Ukiwa na ndugu wa kanisani anayeweza kukushika mkono pokea bila aibu, Paulo mwenyewe alimwandikia Filemoni kuhusu mtumwa wake Onesimo, kama anadaiwa kitu "ukiandike hicho juu yangu", mimi nitalipa.

Inawezekana wakakupeleka polisi. Inawezekana wakakupiga faini ya katiba yao. Yule mama anaweza asikusamehe mwaka huu. Msamaha wa Mungu hauwafungi mikono watu uliowaumiza, yule mwizi niliyemtaja hapo juu alisamehewa na hakushushwa msalabani. Nenda hivyohivyo. Na ukienda usiende kama mtu anayelipia wokovu kwa awamu, maana ukifikiri hivyo, siku ukikosa elfu ishirini utarudi kwenye hofu ya yule mama wa Chang'ombe. Wafilipi 2:12-13 inakufaa uibebe njiani, utimizeni wokovu wenu kwa kuogopa na kutetemeka, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu". Huko kugeuza njia ukimwona, ule moyo kwenda mbio, mimi nausoma kwamba Mungu ameshaanza kazi. Usiuzime.

Mwalimu shikamoo, nimemwamini Yesu mwaka jana, niko Ihumwa. Rafiki yangu anasema bila ubatizo hakuna wokovu, mwingine anasema ubatizo ni tendo na hatuokolewi kwa matendo kwa hiyo sio lazima. Mimi nilikuwa nasubiri nipate hela ya gauni na chakula cha wageni ndo nibatizwe. Na kuna mahali wanauza maji ya upako, je yanasaidia?

Marahaba binti yangu. Makanisa yanatofautiana juu ya ubatizo unafanya nini hasa, na siwezi kuyapatanisha kwenye kona hii ya ukurasa. Lakini msome Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma, 2 Wafalme 5. Alikuja na talanta kumi za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi kumi, akakuta uponyaji hauuzwi, nabii Elisha hakupokea hata kitu kimoja. Ila aliambiwa aende Yordani ajichovye mara saba, na alipokasirika na kugeuza gari lake alikuwa anaondoka na ukoma wake. Alipotii akapona. Hakuna aliyesema baadaye kwamba Naamani alijiponya kwa kuoga. Kushuka majini hakukulipia kitu, kulikuwa namna ya kuamini neno aliloambiwa. Rafiki yako wa pili anaogopa kwamba kutii kutaharibu neema, na neema yenyewe ndiyo iliyokupa agizo, Mathayo 28:19.

Maji ya kununua, hapana. Kwenye habari ileile kuna Gehazi, mtumishi aliyemkimbilia Naamani nyuma akachukua talanta mbili na mavazi kwa jambo ambalo Mungu alilitoa bure, na ukoma ukamhamia yeye. Hela yako kaa nayo.

Gauni na chakula cha wageni viache. Yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8 aliona maji njiani akasimamisha gari. Jumapili hii baada ya ibada mfuate mchungaji, mwambie nataka kubatizwa, muulize mafundisho yanaanza lini, na nguo yoyote safi uliyonayo inatosha.